Mtu Aliyepigiwa Full

Obadiah Mwakio alikuwa karani wa stoo katika shule moja ya upili mjini Voi kwa muda mrefu hivi kwamba walimu wakuu walirithishana yeye pamoja na jenereta. Alijua kila jembe la shule lilipo. Watu ndio waliokuwa na shida kidogo ya kujua alipo yeye. Siku alipostaafu walimfanyia sherehe, wakamletea keki iliyoandikwa kwa sukari ya waridi: KWAHERI MZEE OBED. Hakuna aliyewahi kumwita Obed maishani mwake. Obadiah alishukuru, akaomba akate keki mwenyewe, akaanza na jina.

Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu duni. Alikuwa mtu ambaye jicho humpita, kama linavyopita nguzo ya simu. Kinyozi wake wa mtaa wa Mwakingali alimuuliza kila alipokwenda kunyolewa kama amekuja Voi kutembea. Katika picha ya wafanyakazi iliyotundikwa ofisini, mlingoti wa bendera ulisimama mahali pa uso wake, na karani aliyeandika majina chini ya picha, mtu mwaminifu, aliandika hapo: bendera.

Mtu wa namna hii akiwa na tamaa, huwa nayo moja tu, na ya Obadiah ilikuwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kwao Rukanga. Rukanga iko chini ya mlima Kasigau, na maji yake hushuka kwa bomba kutoka msituni huko juu. Mwenyekiti wa maji hana mshahara. Ana ufunguo wa valvu, ana muhuri, na ana kitu ambacho Obadiah alikitamani kuliko ufunguo na muhuri: akipita, watu humwona, na wakimwona humwita Mwenyekiti.

Alikuwa amegombea mara mbili. Mara ya kwanza wagombea waliombwa wajitokeze mbele. Obadiah alijitokeza, na msimamizi akamwomba kwa adabu asogee kidogo kwa sababu anawaziba wagombea. Mara ya pili alipata kura moja, ya Wakesho mkewe, na hata huo mkono, Wakesho alikiri baadaye walipokuwa wakila, aliuinua mapema kidogo akifukuza nzi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa, mpaka yalipoingia mambo ya taa.

Obadiah alikuwa na Toyota ambayo umri wake haukusemwa hadharani. Taa zake za mbele zilikuwa zimegeuka manjano kama meno ya mvuta ugoro, na mwanga wake ulifika mahali ambapo gari lenyewe lilikuwa linakaribia kufika. Mjini haikuwa neno. Lakini kila Ijumaa jioni yeye na Wakesho walitoka Voi kwenda Rukanga kuangalia shamba: barabara kuu ya Mombasa mpaka Maungu, kisha kulia, vumbi na vichaka mpaka chini ya mlima. Huko njia hukatwa na ndovu waendao zao kutoka upande mmoja wa Tsavo hadi mwingine, na ndovu, tofauti na ng'ombe, hajali nani ana haki ya kupita. Mara mbili Obadiah alikuwa amegundua ndovu kwa harufu. Wakesho alisema ya tatu hatangoja harufu.

"Nunua taa," alisema. "Au nunua gari ingine. Taa ni bei nafuu."

Kwa hiyo Obadiah alikwenda Miasenyi, kwa Mutunga. Mutunga alitandika turubai kando ya barabara kuu, na juu yake akapanga vioo, jeki, waipa na redio za magari ambayo hayakuwa na haja nazo tena. Taa za xenon, zile nyeupe kali, alikuwa nazo. Balbu mbili zilizofungwa kwenye gazeti, na vile visanduku viwili vinavyozipa umeme wa nguvu, ambavyo mafundi huviita balasti. Kimoja kilikuwa kipya. Kingine kilionekana kimeona mengi.

"Hizi ni za Japani?" Obadiah aliuliza.

"Zilipita huko," alisema Mutunga.

"Na mbona balbu moja ina rangi ya samawati, na hii ingine haina?"

"Mzee, zikishashika moto zinafanana kama ndugu."

"Ndugu wa baba mmoja?"

Mutunga akazitazama kwa haki. "Wa baba mmoja," alisema. "Mama hapana."

Walielewana bei. Ilikuwa bei ya mtu anayejua kwamba seti yenye ndugu wa tumbo moja ipo, inauzwa Mombasa, na si yake.

Fundi wa kuzifunga alikuwa Ridha, kijana wa umeme wa magari aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti, na aliyekuwa na tabia ya kusema ukweli baada ya kupokea malipo ya kwanza. Alifungua boneti, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mzee Obadiah, hiki kikombe cha taa kimetengenezewa ile balbu yako ya zamani. Ukitia xenon humu, mwanga haukai mahali pamoja, hutawanyika kote. Yafaa utie na lenzi, iukusanye."

"Lenzi ni pesa ngapi?"

Ridha akamtajia. Obadiah akageuka kutazama msikiti kwa muda, kama mtu aliyeanza kupata imani.

"Na bila lenzi?"

"Bila lenzi utaona vizuri sana."

"Si ndiyo shida yangu hiyo, kuona?"

"Ndiyo," alisema Ridha. "Wewe utaona." Akaiacha sentensi hapo, kwa maana ilikuwa imefika mwisho wa masilahi yake.

"Na full, ule mwanga mrefu?"

"Full haipo tena. Seti hii ni ya bei nafuu, ina mwanga mmoja tu, wala hupunguzi wala huongezi. Lakini usijali, mzee wangu. Huo mmoja ni full tosha."

Alimaliza magharibi ikiingia. Zile balbu za zamani alimrudishia, na Obadiah, mtu wa stoo asiyetupa kitu, akazifunga kwenye gazeti na kuziweka chini ya kiti. Kisha Ridha akawasha. Redio ya gari ilikohoa ikanyamaza. Taa zikatetemeka, zikawa zambarau, zikafikiri kidogo, halafu moja ikawa nyeupe na nyingine ikabaki samawati, na ukuta wa ng'ambo ukaonekana wote pamoja na matangazo ya mikutano iliyopita. Bi Mwanabibi, aliyekuwa akikaanga viazi karai mbele ya ukuta huo, alifunika uso kwa leso.

"Ridha mwanangu," aliuliza kutoka ndani ya leso, "hilo ni gari, au ndiyo Kiyama chenyewe?"

"Ni gari, shangazi."

"Basi na lipite. Nilichobakisha ni viazi tu, toba nilishaleta."

Hapa lazima lielezwe jambo ambalo kila dereva wa sehemu hizi analijua. Magari yakutanapo gizani huongea kwa taa, na maneno yake ni machache. Full moja fupi ni salamu. Mbili ni polisi mbele. Full nyingi za kupapatika, hasa mkono ukitolewa dirishani, ni ndovu. Na kuna ile ndefu, iliyonyooka, inayokuja usoni na kukaa: hiyo humwambia mwenzako apunguze taa, anakupofusha. Obadiah aliijua lugha hii kama mtu ajuavyo lugha ya majirani: aliisikia wakizungumza wao kwa wao. Yeye mwenyewe, na taa zake za ugoro, hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

Ijumaa ile ya kwanza, walipotoka tu Voi, lori la simiti likampigia full. Nyuma yake basi la Nairobi likampigia full. Ikafuata pikapu, ikafuata lori lingine, na yote, moja baada ya jingine, yalimmulika kwa kirefu mpaka yakampita.

"Wanataka nini hawa?" Wakesho aliuliza.

Obadiah alikuwa ameketi wima, jinsi Wakesho hakuwa amemwona akiketi tangu siku ya harusi.

"Wananisalimia," alisema.

Na kwa kuwa hakuwa na full ya kurudishia, alijibu kwa honi. Mara mbili, kwa adabu. Akamjibu kila mmoja mpaka Maungu, bila kumruka hata wa pikipiki aliyesimama kando ya lami akavua helmeti. Ukiwa ndani ya magari yale mengine, mambo yalionekana hivi: jua moja la rangi mbili linakuja usoni pako, unaliomba lipunguze, nalo badala ya kupunguza linakupigia honi. Mambo yaliyosemwa ndani ya magari hayo hayahusiani na maji.

Tuseme ukweli, hakuwa mpumbavu. Ni kwamba mtu aliyekaa bila salamu miaka mingi, ikija hachunguzi sana. Alipokuwa mdogo Rukanga, mtu hakumpita mwenzake njiani bila kusema "kwawuka mana" na kungoja jibu, na kuulizia mama, na mbuzi. Barabara, aliona, imerudia ustaarabu. Hakushangaa kwamba ustaarabu umeanzia kwake. Alishangaa tu kwamba umechelewa.

Alibadilika. Alinunua kofia. Alimweleza kinyozi, bila kuulizwa, kwamba yeye si mgeni, na wanaosafiri usiku wanamjua. Na Rukanga kwenyewe, taa zake zilipotokea kwenye kona ya mwisho na kuta za nyumba zote zikawa nyeupe na samawati, watoto walianza kuimba, "Stima imerudi." Wakubwa wakachukua jina, wakawa wanamwita Mzee Stima. Obadiah alilipokea. Stima ni maendeleo, na mtu anayeitwa maendeleo hana mengi ya kuongeza kwenye kampeni.

Akampa jina lake Everlyne, katibu wa kamati ya maji, agombee mara ya tatu. Mgombea mwingine alikuwa mmoja tu, Zephaniah, dereva wa Probox ya abiria kati ya Maungu na Rukanga, mtu ambaye nusu ya kijiji iliwahi kumkalia mapajani na nusu nyingine ilikalia mizigo yake. Kwa hesabu ya kawaida, Obadiah angepata tena ule mkono wa nzi. Lakini Obadiah hakuwa akitumia tena hesabu ya kawaida.

"Hata Zephaniah mwenyewe hunisalimia tukipishana," alimwambia Wakesho. "Na si salamu fupi."

Wakesho alitazama nje ya dirisha. Alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli huu ulikuwa umemkaa kooni kwa wiki kadhaa kama mwiba wa samaki.

Uchaguzi ulipangwa Jumamosi. Ijumaa ya kuamkia siku hiyo walichelewa kidogo Maungu kununua sukari ya chai ya wageni, maana Obadiah alitarajia wageni, na giza lilikuwa limeingia vizuri walipoiacha lami. Karibu nusu ya njia, mbele yao ikatokea Probox. Ikampigia full, ikapiga tena, zikapapatika nyingi mfululizo, na mkono ukatoka dirishani ukipungapunga juu na chini.

"Umeona?" alisema Obadiah, na sauti yake ikapasuka kidogo. "Ni Zephaniah. Kesho tunapambana, leo ananipungia. Huo ndio ukomavu."

Akapiga honi mara mbili, na mara ya tatu kwa heshima ya ukomavu, akakata kona.

Ndovu walikuwa katikati ya barabara. Si mmoja. Walikuwa wakubwa na wadogo, na wote walikuwa weupe upande mmoja na samawati upande wa pili. Breki zilishika kwa kadiri ya uwezo wake. Gari lilisimama mahali ambapo ilikuwa rahisi kuhesabu kope za ndovu jike aliyekuwa mbele, na kope hizo zilikuwa zimefungwa, kwa maana hata yeye mwanga ulikuwa umemshinda. Alitandaza masikio. Akapiga hatua moja mbele, kipofu, akitafuta kwa mkonga kile kilichomfanyia jambo hili.

"Zima taa," Wakesho alinong'ona.

"Nikizima hazirudi haraka. Mpaka zishike moto."

"Baba Lewis. Zima."

Lewis alikuwa mtoto wao, mwalimu huko Taveta, na Wakesho alitumia jina la Baba Lewis alipotaka kumkumbusha mumewe kwamba ana mtu wa kumlilia.

Akazima. Baada ya xenon, giza si giza la kawaida, ni kama kumwagiwa wino. Walikaa. Walisikia tawi likivunjwa bila haraka, na kitu kizito kikijikuna kwenye kitu ambacho Obadiah aliomba isiwe boneti.

"Zile full za Zephaniah," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana, "zilikuwa za ndovu."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ni salamu."

"Najua."

Ndovu mdogo akapiga chafya.

"Sasa yule wa lori la simiti, anayenipigia kila Ijumaa?"

"Anasema upunguze taa."

"Na mabasi?"

"Upunguze taa."

"Na yule wa pikipiki aliyevua helmeti?"

"Alikuwa haoni njia, Baba Lewis. Alisimama asianguke."

Obadiah alifikiri. Kulikuwa bado na mmoja aliyemtegemea. "Pasta alinipigia ndefu sana pale daraja, mpaka nikasema huyu ananiombea."

"Alikuwa anakuombea," Wakesho alisema, kwa kuwa alikuwa mkweli. "Alituambia akina mama Jumapili."

Kitu kizito kiliacha kujikuna. Hatua zikaanza kusogea upande wa kushoto, laini kuliko mtu angedhania.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi. Nimepanda gari na wewe miaka yote hii, sijawahi kukuona ukifurahi ndani yake. Nilisema nitakuambia Ijumaa ijayo. Ijumaa ikija, nasema ijayo."

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza na giza lilimsaidia, akamwambia lililobaki. Siku ya soko alikuwa amepanda Probox ya Zephaniah, na Zephaniah, bila kukumbuka aliyekaa nyuma ni nani, alikuwa akipanga uchaguzi kwa simu na madereva wenzake. Katiba ya maji inasema mwenyekiti lazima aishi Rukanga, kwa sababu valvu hufunguliwa alfajiri na kufungwa jioni. Basi madereva walikuwa wameona mwanga. Zephaniah angeondoa jina lake, wote wangemchagua Mzee Stima, yeye angehamia Rukanga, awe kwenye valvu kila jioni, na barabara ya Maungu ingerudi kuwa na giza lake la heri.

"Kwa hivyo kesho nitashinda," alisema Obadiah.

"Utashinda."

"Ili nitoke barabarani."

"Ndiyo hivyo walivyosema. Alisema pia wewe si mtu mbaya. Alisema hakujua unaitwa nani, lakini si mtu mbaya."

Ndovu walikuwa wamekwenda. Obadiah aliwasha taa, na wakati zikiwa bado zambarau, zikifikiri, aliweka mikono yote miwili juu ya usukani na kutazama barabara tupu. Walifika Rukanga polepole. Hapakuwa na gari lingine la kupishana nalo, na hilo lilikuwa afadhali.

Jumamosi asubuhi Wakesho aliamka akamkuta nje, boneti iko wazi, na bisibisi mkononi. Alikuwa amechomoa xenon zote mbili pamoja na balasti, na kurudisha balbu za zamani kutoka kwenye gazeti la chini ya kiti. Kazi ambayo Ridha aliitoza malipo ya nusu siku ilikuwa imemchukua muda wa kuchemsha chai.

"Sitaki kumpofusha mtu," alisema. "Wala ndovu."

"Vizuri," alisema Wakesho. "Lakini ukiwaambia umezitoa, hawana tena sababu ya kukupa kura."

Hilo Obadiah alikuwa amelifikiria kabla ya chai. Alikuwa amelifikiria pande zote, na kila upande ulikuwa na kona. Akisema, yeye ni mtu mwaminifu na Zephaniah ni mwenyekiti. Asiposema, yeye ni mwenyekiti. Maisha yake yote alikuwa amesema kilichomo stoo kama kilivyo, jembe kwa jembe, na maisha hayo yalikuwa yamemletea keki ya mtu anayeitwa Obed.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

Wakesho akachukua ule mzigo wa gazeti, akauingiza kwenye mkoba wake wa kanisani, akafunga zipu. "Mimi naona tutachelewa," alisema.

Mkutano ulikuwa ukumbini mwa kanisa. Gari la Obadiah lilisimama nje kwenye jua kali, na saa hizo za mchana hakuna macho yanayoweza kujua taa imebeba nini tumboni. Madereva walikuwa wamejaa benchi mbili, wamenyoa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye mikutano ya maji. Everlyne alisoma katiba, akasisitiza kifungu cha makazi kama mtu aliyeombwa akisisitize. Kisha Zephaniah akasimama.

"Mimi naondoa jina langu. Kuna mzee mwenye uzoefu kuliko mimi. Nampendekeza Mzee Sti..." Akainama kumsikiliza jirani yake. "Mzee Obadiah."

Benchi mbili zikapiga makofi.

"Lakini swali moja tu kwa mgombea," Zephaniah aliendelea. "Mzee, ukichaguliwa utahamia hapa kabisa? Kabisa kabisa? Jioni zote uko hapa?"

Obadiah alisimama. Ukumbi wote ulimtazama, uso wake, si mlingoti. Alitazama Wakesho, na Wakesho alitazama mkoba wake mapajani, akauweka sawa kama mtoto aliyelala.

Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kusema yote. Aliyahisi maneno yakiwa yamejipanga. Halafu Obadiah Mwakio akafanya jambo la kwanza la siasa maishani mwake: akajibu swali aliloulizwa, na hilo tu.

"Valvu inafungwa jioni," alisema. "Mwenyekiti akiwa barabarani, itafungwa na nani?"

Mikono iliinuka kama majani ya mahindi baada ya mvua. Wakesho naye aliinua wake, na safari hii hapakuwa na nzi.

Zephaniah aligundua jioni ile ile. Alikuwa amekuja na soda za pongezi, akamkuta mwenyekiti mpya anaegesha gari nyuma ya nyumba, taa zimewaka, manjano, hafifu, kama mshumaa wa mtu anayebana matumizi. Alisimama mbele yake bila kufumba jicho. Akainama, akagonga kioo kwa kidole.

"Ulizitoa lini?"

"Asubuhi."

"Kabla ya mkutano?"

"Kabla ya chai."

Zephaniah aliweka kreti ya soda chini. "Mzee, si ungesema."

"Ningesema, ningekuwa mwenyekiti wa nini?"

Zephaniah alimtazama kwa muda mrefu. Inawezekana ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote alimtazama Obadiah kwa muda mrefu bila kutaka jembe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia kreti.

"Na mimi nikakutafutia kura," alisema. "Nyumba kwa nyumba. Na mafuta yangu."

"Nimeshukuru," alisema Obadiah. "Kunywa soda."

Zile xenon alimpelekea Ridha, ambaye alizichukua kwa bei ya kuzihurumia na kuzifunga, bila lenzi, kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa ndizi wa Bomeni, kule Taveta. Inasemekana mtu huyo siku hizi anasalimiwa sana barabarani.

Obadiah alihamia Rukanga. Valvu hufunguliwa kwa wakati na kufungwa kwa wakati, na stoo ya mabomba imepangwa kwa namna ambayo Everlyne huogopa kuingia na kugusa kitu. Watu bado humwita Mzee Stima, ila wakiwa na shida ya maji humwita Mwenyekiti, na kwa kuwa shida ya maji haikosekani, husikia jina hilo mara nyingi.

Siku moja alimwachia Everlyne ufunguo, akaenda Maungu kununua koki, akachelewa dukani, akarudi giza likiwa limeshuka. Alikuwa peke yake, akiendesha kwa ule mwanga wake wa ugoro, pua nje ya dirisha kwa ajili ya harufu. Gari likaja mbele yake. Likampigia full, moja, fupi, likapita.

Obadiah alikanyaga breki. Alikuwa amejifunza. Alizima taa, akazima na injini, akapandisha vioo, akakaa gizani akiwangoja ndovu. Alisikiliza matawi. Alisikiliza hatua. Hakusikia kitu ila nyenje na moyo wake. Akangoja zaidi, kwa maana ndovu wanaojua kunyamaza ndio wabaya. Alipofika nyumbani, ugali ulikuwa umekuwa mgumu na Wakesho amesimama mlangoni na tochi.

Asubuhi Zephaniah alisimamisha Probox karibu na valvu, abiria wakiwa ndani.

"Mwenyekiti, habari ya asubuhi. Jana pale katikati gari iliharibika?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nilikupita. Naona kwa kioo umesimama, umezima kila kitu. Nikangoja kidogo, hukuwasha. Nikasema labda mzee anaomba, nikaondoka."

Obadiah alishika ufunguo wa valvu kwa mikono miwili.

"Ni wewe ulinipigia full?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa umeona nini?"

Zephaniah alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ni maji.

"Nilikuona wewe," alisema. "Nilikuwa nakusalimia."

Abiria mmoja akamwambia waende, wanachelewa. Probox ikaondoka na vumbi lake. Obadiah alibaki amesimama kando ya bomba mpaka akina mama waliokuwa na mitungi wakamkumbusha, kwa upole, kwamba Mwenyekiti hajafungua maji.